Mgeni Aliyekuja Kumuulizia Noela

Mwezi wa sita Songea ina baridi ya kuuma masikio. Asubuhi hiyo Kunegunda alikuwa amekaa kwenye kigoda uani kwake, Bombambili, sweta mbili mwilini na kitenge juu ya sweta, akipukuchua mahindi kwa mkono. Mengine alishayapiga kwa fimbo ndani ya gunia, lakini haya yalikuwa ya mbegu, na kwake yeye mahindi ya mbegu hayapigwi. Punje za kichwani na za mkiani mwa gunzi alizitupia kuku. Za katikati, zilizojaa na kulingana, ndizo alizoziweka kwenye ungo. Kazi ya polepole, na yeye alikuwa mtu wa polepole.

Geti la mabati likagongwa.

"Hodi hapa."

"Karibu. Sukuma tu, halijafungwa."

Aliingia mwanamume wa makamo, koti la kijivu, viatu vyeusi vilivyoshika vumbi, begi dogo begani. Bodaboda iliyomleta haikuondoka. Ilibaki nje, dereva kajikunyata juu yake na kofia imefunika masikio. Kunegunda aliliona hilo. Mtu anayesubiriwa na bodaboda ana nyumba nyingine za kupita.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba. Tumsifu Yesu Kristo."

Mgeni alichelewa kidogo. "Milele amina."

Alisogezewa kiti cha plastiki, akakaa, akazungusha macho uani: jiko la kuni, kamba ya nguo, banda la kuku, ndoo za maji zilizofunikwa. Kunegunda aliyafuata macho yale yalikopita. Akajisemea moyoni, ehee, wamekuja.

"Hapa ndipo anapokaa Noela?" mgeni aliuliza.

"Ndipo. Mimi ni bibi yake. Ametoka, yuko mjini kwenye shughuli zake."

"Sawa tu. Ni wewe hasa niliyetaka kuongea naye. Kuna watu wangependa kumfahamu Noela zaidi, ndiyo maana napitapita kuulizia."

Hapo Kunegunda hakuwa tena na shaka. Huyu ni mshenga, na ametumwa na mama yake Dastan.

Dastan alikuwa kijana wa mjini, mwenye duka la saruji na mabati pale karibu na stendi. Si kijana mbaya. Lakini duka lilikuwa la mama yake, na mama yake ndiye aliyekuwa anatafuta mkwe. Alishaleta wawili kwa kaka zake Dastan. Kunegunda aliwaona kila alipokwenda kununua misumari: wamekaa nyuma ya meza tangu asubuhi mpaka mlango unafungwa, wanauza, wanahesabu, wanabeba, na wakitaka hata sabuni ya kuogea lazima wamwombe mama mkwe. Mmoja alikuwa mwalimu kabla ya kuolewa. Na Jumapili iliyopita, baada ya misa ya kwanza, mama Dastan alimshika Kunegunda mkono nje ya kanisa akacheka, "Mama Ida, tutatuma mtu apite uani kwako, usije ukatufungulia mbwa."

Noela alikuwa mtoto wa Ida, binti pekee wa Kunegunda. Ida naye alianza kusomea unesi, akaacha katikati, akaolewa Mbesa huko, na mpaka leo analima. Haombi mtu, ila Kunegunda hakuisahau ile sare nyeupe iliyobaki kwenye sanduku. Kunegunda ndiye aliyemlea Noela tangu darasa la kwanza. Akasoma mpaka chuo kikuu, uhasibu, akavaa joho. Baada ya hapo ni miaka ya kuomba kazi serikalini. Nafasi zikitangazwa, Noela anaingia kwenye mtandao wa ajira, anapakia barua aliyoitia sahihi, vyeti vilivyogongwa muhuri na wakili, majina ya wadhamini, halafu anangoja. Kati ya kuomba na kungoja alifanya kazi kwenye duka la kuchapa na kutoa kopi la Walburga, akagombana na Walburga, akatoka. Sasa alikuwa anakaa kwenye kibanda cha kutuma na kutoa pesa karibu na soko kuu.

Kunegunda hakuwa na ugomvi na ndoa. Alichotaka ni kitu kimoja tu: Noela apate mshahara wake kwanza, wenye jina lake, halafu aende kwa yeyote amtakaye.

Ila kumwambia mama Dastan hapana ni matusi. Wanakaa benchi moja kanisani, wanafua pamoja vitambaa vya altare. Njia ya kistaarabu, kwa Kunegunda na wanawake wa rika lake, ni nyingine. Unampaka mtoto wako matope kidogo mbele ya mshenga. Mshenga anarudi na sura ndefu, wenyewe wanaghairi, na Jumapili mnasalimiana kama kawaida, hakuna aliyemkatalia mwenzake.

Kwa hiyo Kunegunda akaweka gunzi chini, akashusha pumzi, akaanza.

"Baba, mimi ni mtu mzima, sitakudanganya. Yule mtoto ana kazi."

"Kazi kwa maana ya?"

"Tabia. Kuamka ni mpaka jua limfuate kitandani. Akisonga ugali, una mabonge kama mawe ya mtoni. Ukimwelekeza, anakujibu."

"Anajibu vipi?"

"Jeuri! Kisomo kimempanda kichwani. Haelekezwi na mtu."

Mgeni aliitikia kwa kichwa, taratibu. Hakuandika chochote. "Na kazini? Amewahi kufanya kazi mahali?"

"Kwa Walburga, hapo chini, duka la kutoa kopi. Wakagombana, akaondoka. Hata hawasalimiani."

"Marafiki zake je? Ana mtoto? Ana mchumba?"

"Mtoto hana. Hao wengine nitawajulia wapi? Anatoka asubuhi anarudi jioni." Hilo lilimtoka kwa shida kidogo, maana Noela alikuwa akirudi kabla jua halijazama.

"Na babu yake, mume wako, alikuwa mtu wa wapi?"

Kunegunda hakushangaa. Mshenga gani asiyeuliza ukoo? Akamtajia kijiji, ukoo, na baba wa babu, na kule Mbesa kwa upande wa baba yake Noela pia. Hayo aliyasema kweli, kwa sababu ukoo hauchezewi.

"Bibi, swali la mwisho. Kwa upande wa pesa, ni mwaminifu?"

Kunegunda alimwona mama Dastan nyuma ya ile meza yake, na droo yake ya mauzo. Akaona hapa ndipo pa kupigilia msumari.

"Pesa? Usiniulize. Ukimtuma dukani, chenji inarudi nusu. Ukiuliza, anakwambia vitu vimepanda."

Mgeni akashukuru, akakataa togwa aliyokaribishwa, akanywa maji tu, akaenda zake. Kunegunda akarudi kwenye magunzi yake amefurahi. Amekataa togwa! Tayari wameanza dharau, alisema peke yake, na bado hawajaleta hata barua.

Hakukaa muda, kichwa cha Zabibu kikachomoza juu ya ua. Zabibu alikuwa jirani yake, Myao wa Tunduru, anauza vitumbua asubuhi na korosho mchana.

"Mama Ida, yule baba amekuja na kwako?"

"Amekuja. Nimemfukuza bila kumfukuza." Kunegunda akamsimulia, ugali na chenji na vyote. Zabibu alicheka mpaka akashika mti wa ua.

"Mabonge kama mawe ya mtoni! Na mimi nimemharibia kazi yako, basi. Nimemwambia mtoto mzuri, ana heshima, wallahi, anasali."

"Usingemsifia, Zabibu."

"Ningejuaje? Ila mshenga wenu huyu anauliza kama askari. Eti Noela amewahi kufikishwa polisi? Ana kesi? Yuko kwenye chama gani? Nikamwambia, baba, mnaoa au mnakamata?"

Kunegunda aliacha kupukuchua. "Amekuuliza polisi?"

"Haki ya Mungu tena."

Mchana Noela alirudi kula. Alimkuta bibi yake amekaa palepale, ungo mapajani, hapukuchui.

"Bibi, unaumwa?"

"Siumwi. Kaa. Leo amekuja mtu kukuulizia. Mshenga wa kwa akina Dastan. Nimemwambia hufai." Kunegunda alijaribu kucheka.

Noela hakucheka. "Alikuwaje?"

"Koti la kijivu. Begi. Amekuja na bodaboda. Ameuliza tabia, kazi, ukoo. Zabibu kaulizwa mambo ya polisi."

Noela akakaa chini, juu ya turubai lenye mahindi, na gauni lake la kwendea kazini.

"Bibi, huyo si mshenga. Ni mtu wa serikali."

Ndipo Kunegunda alipoambiwa yote kwa mara ya kwanza. Kwamba ile safari ya Dodoma aliyoambiwa ni ya kumwona rafiki ilikuwa ya usaili. Kwamba Noela alifaulu mtihani wa kuandika, akaitwa mbele ya jopo, akafaulu na huko. Kwamba kazi yenyewe ni ya forodha, kukagua mizigo na kutoza ushuru mpakani, na kazi za namna hiyo hawakupi mpaka watume mtu mtaani kwako aulize wewe ni nani.

"Mbona hukuniambia, mama?"

"Ningekwambiaje? Mwaka juzi nilipokwambia nimeitwa, jumuiya nzima iliniombea rozari kwa jina. Nikakosa. Mwezi mzima watu wananipa pole njiani kama nimefiwa. Nilisema safari hii nitanyamaza mpaka nipate."

Ilikuwa kweli.

"Umemwambia nini hasa, bibi?"

Akamwambia. Ugali Noela aliuvumilia. Jeuri aliivumilia. Ilipofika chenji, alifunika uso kwa viganja.

"Chenji, bibi? Kazi ya ushuru, umesema chenji?"

Hakupiga kelele. Angepiga kelele ingekuwa nafuu. Kunegunda aliusogeza ungo pembeni, akasimama, akajikung'uta vumbi la mahindi, akavua sweta ya juu iliyotoboka kiwiko na kubaki na ile nzima.

"Unakwenda wapi?"

"Kwa mwenyekiti. Mgeni wa serikali hawezi kuzunguka mtaani bila kupita kwa mwenyekiti."

Mzee Hironimus, mwenyekiti wa mtaa, alikuwa ofisini kwake anagonga mihuri. Ofisi ilikuwa chumba kimoja chenye meza na benchi.

"Mama Ida, sijui unamsema nani," alisema kabla hajaulizwa vizuri.

"Hironimus, mimi nimekufundisha ngonjera za kipaimara. Ukidanganya masikio yako yanatingishika."

Hironimus akashika sikio. "Sitakiwi kusema. Ila ofisi ni ya wananchi. Ukitaka kukaa kwenye benchi, nani atakukataza? Mtu aliyekwenda kula wali maharage kwa mama lishe hapo ng'ambo, si lazima arudi kuchukua karatasi yake niliyoigonga muhuri?"

Kunegunda akakaa. Alikaa mpaka waliokuja kufuata barua za utambulisho wakaisha, na Hironimus akapiga miayo. Mgeni akaingia, kijiti cha kuchokolea meno mdomoni. Alipomwona akakitoa.

"Bibi."

"Baba, nimekuja kufuta maneno yangu ya asubuhi. Nilikudhania mshenga. Kuna watu wanamtaka mtoto, mimi siwataki, nikamchafua makusudi ili mkate tamaa. Anaamka kabla yangu. Ugali wake unalika hata bila mboga. Na chenji inarudi yote, mpaka ya shilingi hamsini."

Hironimus aliinama kwenye mihuri yake, mabega yanatikisika. Mgeni hakucheka. Alivuta kiti.

"Nakuelewa, bibi. Lakini hebu nisaidie na mimi. Asubuhi ulinidanganya kwa sababu hukutaka aolewe. Sasa unajua natafuta nini, na unataka apate kazi. Nitajuaje kama si sasa unaponidanganya?"

Njia nzima Kunegunda alikuwa ameyapanga maneno yake, na hakuna hata moja lililofaa kwa swali hili. Angeapa? Hata waongo wanaapa. Angemtaja padri? Padri alikuwa mgeni, alihamia juzi. Zabibu? Zabibu alishamsifia, na ni jirani wanaoazimana chumvi. Kila aliyemfikiria alikuwa mtu anayempenda Noela, na wote wangeonekana kama yeye.

"Hutajua," alisema mwisho. "Basi usiniulize mimi. Kamuulize asiyempenda."

"Yupo?"

"Walburga. Lile la ugomvi nililokwambia ni la kweli. Kuna mteja alitolewa karatasi zenye madoa, Noela akamwambia asilipe mpaka zirudiwe, mbele ya watu wote. Walburga aliona ameaibishwa, kama kavuliwa nguo. Tangu hapo wakikutana njiani mmoja anahama upande. Noela alishika droo yake ya pesa mwaka na zaidi. Kama kuna hata senti iliyopotea, Walburga atakutajia na siku ilipopotea."

"Na akimsema vibaya?"

"Akimsema vibaya, andika."

Mgeni alichukua karatasi yake, akamuaga kwa shikamoo, akatoka. Bodaboda ikaelekea chini, upande wa duka la Walburga.

Jambo gumu lilikuwa la baada ya hapo. Kutoka ofisi ya mtaa mpaka kwake kuna njia mbili, na moja inakatisha uchochoroni na kutokea mgongoni mwa duka la Walburga. Kwa mguu ungeweza kufika kabla ya pikipiki inayozunguka barabara kubwa. Neno moja tu lingetosha: Walburga, mwenzangu, kuna mtu anakuja, nisitiri. Kunegunda alisimama kwenye njia panda ameshika kitenge chake. Halafu akapita njia nyingine, ile ndefu, kwa mwendo wake uleule.

Noela alipoambiwa alipotumwa yule mgeni, aliweka bakuli la mboga chini.

"Kwa Walburga, bibi. Kati ya watu wote wa Songea."

"Ulimwibia?"

"Bibi!"

"Basi tule, ugali unapoa."

Siku za katikati zilikuwa ndefu. Kunegunda alimaliza mahindi ya mbegu, akayachanganya na majivu, akayafungia kwenye madumu. Jumamosi alfajiri ikafika zamu ya jumuiya kusali nyumbani kwa mmoja wao, na Walburga alikuwepo, amejifunga khanga mpya, sauti juu kwenye kila wimbo. Kunegunda hakumuuliza kitu. Walipokuwa wanatoka, Walburga mwenyewe ndiye aliyemvuta pembeni ya banda la nguruwe.

"Mama Ida, mjukuu wako ana mambo gani na serikali?"

"Kwa nini?"

"Amekuja mtu dukani kwangu. Kaniweka kitako kama niko kwenye kitubio."

"Ukamwambia nini?" Kunegunda aliuliza, na aliangalia nguruwe.

"Kweli tupu. Nimemwambia yule binti ana kiburi, ana mdomo, anajifanya anajua kuliko mwenye duka. Nimemwambia hata leo akija kuomba kazi, simchukui." Walburga akavuta pumzi. "Akaniuliza pesa. Nikamwambia hapo sina la kumsema. Droo yangu ilikuwa inalingana kila jioni. Na nilitafuta, Mama Ida! Siku aliyoondoka nilihesabu mpaka usiku, natafuta cha kumsemea. Ningekipata ningekitangaza mpaka sokoni. Sikukipata."

"Ahsante, Walburga."

"Ahsante ya nini? Sijamsaidia. Nimejibu nilichoulizwa."

"Ndiyo hiyo hiyo ahsante."

Mwezi wa nane majina ya walioitwa kazini yalitoka. Noela aliyafungua kwenye simu akiwa jikoni, akateremsha kidole, akateremsha, akasimama. Alisoma jina lake mara ya kwanza kimoyomoyo na mara ya pili kwa sauti. Kituo alichopangiwa kilikuwa mpaka wa Malawi, kule Kyela, na alitakiwa kuripoti upesi. Kunegunda alimpigia Ida Mbesa, wakalia kidogo kwenye simu, wakaacha kwa sababu salio lilikuwa dogo. Zabibu alipiga vigelegele juu ya ua kabla hajaambiwa ni vya nini.

"Jumuiya sasa niwaambie?" Kunegunda aliuliza.

"Waambie, bibi. Sasa waambie hata maaskofu."

Siku moja kabla ya safari, Noela alivaa viatu akasema anakwenda kumuaga Walburga. Kunegunda hakumtuma, na hakumzuia. Alimsindikiza mpaka mlangoni pa duka, akabaki nje na wale wanaosubiri kopi.

"Shikamoo, mama Walburga. Nimekuja kuaga."

"Marahaba. Nimesikia. Unakwenda kutesa watu mpakani."

"Nitatoza kilichoandikwa tu."

"Najua. Ndiyo mateso yenyewe hayo." Mashine ikanguruma, karatasi zikaanza kutoka.

"Mama Walburga, huo wino unaisha. Ona, unaacha mstari katikati."

"Noela!"

"Mimi nasema tu. Mteja ataziona."

Kunegunda alifunga kitenge vizuri, akatafuta pa kukaa kwenye benchi la wateja. Aliona hawa wawili hawatamaliza sasa hivi.